Gogo la Mchungwa na Jahazi la Baba Mkwe

Akitokea mtu akakwambia kupasua mbao mwenyewe ni kuokoa hela, kabla hujamjibu muulize kwanza ana wakwe wa aina gani.

Baba mkwe wangu mimi alikuwa nahodha. Sio nahodha wa boti hizi za injini zinazofika Unguja kabla chai haijapoa, hapana, nahodha wa jahazi la tanga, Pangani kwenda Unguja, Pemba na kurudi, kaskazi na kusi, leo kabeba boriti kesho nazi keshokutwa mbuzi. Sasa hivi miguu imechoka, amekaa nyumbani Pangani na kazi yake ni kukaa barazani kukosoa vyombo vya watu vinavyoingia mlangoni mwa mto. "Tanga lile kafunga nani?" "Yule anaingia na maji yanatoka, mtakwenda kumuokota." Basi mke wangu akanambia, mume wangu si unajifanya fundi wa vitu vidogo vidogo, mtengenezee baba jahazi aweke sebuleni, Iddi tukienda tumpelekee iwe sapraizi.

Kweli hobi yangu ni hiyo, nimeshachonga ngalawa mpaka watoto wa mtaa mzima wanazo. Ila ngalawa ni kipande kimoja cha mti unatoa kisichotakiwa inabaki ngalawa. Jahazi la nahodha nikasema hapana, hili lazima liwe la kuunda: mkuku ule uti wa mgongo wa chini, mataruma yaani mbavu zake, mbao moja moja juu yake, mlingoti, foromali ya kufungia tanga, tanga la kitambaa, kila kitu kwa kipimo cha 1 kwa 25. Ina maana jahazi la mita 15 linakuwa sentimita 60, na ubao wa inchi 2 unakuwa milimita 2. Hapo kwenye milimita 2 ndo matatizo yote yalipokaa yakinisubiri.

Nikaenda kwa mafundi fanicha hapa Tanga mjini.

"Nataka mbao za 2."

"2 kwa 4 au 2 kwa 6?"

"Milimita 2."

Jamaa akazima mashine. Akavua kofia. Akamwita mwenzake aje asikie. Yule mwenzake akanipa kiti akaniuliza kama nimekula.

Nikarudi nyumbani nikaingia mtandaoni. Wenzetu Ulaya wanauziwa vibao vimeshakatwa tayari, vya mti wa peasi, vya walnut, vimefungwa vizuri kama tambi, unachagua tu unene. Nikaweka kwenye kikapu, nikaongeza usafiri, nikakadiria na ushuru, halafu nikafunga simu nikaiweka kifudifudi mezani maana ile jumla ilikuwa inakaribia bei ya mashua yenyewe, ya kuvulia, yenye wavuvi ndani.

Ndo nikajiuliza, kwani sisi hatuna miti?

Ngoja niwaeleze kitu maana wengi hamkijui. Kwenye vitu vidogo mti mzuri sio ule unaosifiwa kwenye vitanda. Mninga mzuri sana, rangi tamu, lakini una vile vitundu vyake ambavyo kwenye kitanda huvioni, sasa ukiuweka kwenye jahazi la 1 kwa 25 zidisha kila kitundu mara 25 uone, baharia wako karibu aingize kidole. Mvule nao ndani yake unaweza kukutana na vijiwe vya chokaa ambavyo mti wenyewe umevitengeneza, vigumu, vinamaliza meno ya msumeno, muulize seremala yeyote wa zamani atakwambia na matusi juu. Unachotaka ni mti uliobana, nyuzi ndogo ndogo, hauna tundu la kuonekana. Mpera. Mlimau. Mchungwa. Na mtu wa Tanga ukimtajia mchungwa akili inakwenda sehemu moja tu, Muheza.

Kabla ya kwenda nilipiga hesabu, msije mkasema sikupiga. Blade ya fundi wa kawaida inakula milimita 3. Mimi nataka kibao cha milimita 2. Kwa hiyo kila nikipata 2 napoteza 3, na ubao wa inchi moja ambao ni milimita 25 unanipa vibao vitano basi: milimita 10 jahazi, milimita 15 vumbi. Yaani zaidi ya nusu ya mti ninaununua ili nikaufagie. Hesabu hiyo niliiandika kwenye karatasi kwa mkono wangu, nikaiangalia, nikaikagua tena, iko sawa. Nikaikunja nikaitia mfukoni nikapanda gari la Muheza.

Kule kuna mama mdogo wa mke wangu, ana shamba, na kwenye kiwanja cha nyumba kuna mchungwa mzee uliokuwa umeshaacha kuzaa na yeye mwenyewe alikuwa anatafuta mtu wa kuukata. Akafurahi. Mwenyekiti wa kitongoji akaja akatuandikia karatasi, jirani akaja na chenso, mti chini. Nikachagua shina, kama mita moja hivi, limenyooka, zito sijapata kuona, mchungwa mbichi una maji balaa. Kurudi nalo konda akaliangalia akasema hilo haliendi juu ya keria litaniharibia gari, likae ndani, na likikaa ndani linalipa siti. Nikalipa nauli ya watu wawili. Abiria mmoja alipopanda njiani akaniambia "kaka msogeze mgonjwa wako", nilikuwa nimelifunika kanga ya mama mdogo lisipigwe na jua.

Nikalipeleka moja kwa moja kwa fundi mwenye mashine ya kupasua, sio wale wa kiti, mwingine. Huyu mzee wa makamo, mpole, akaligonga gogo kwa kidole akauliza swali moja tu: "Limetoka porini au nyumbani?"

"Nyumbani, kwa mama mdogo wangu kabisa," nikasema kwa kujidai, nikidhani anataka kujua kama ni la halali.

Akatikisa kichwa. "Mti wa nyumbani mimi siupendi."

Sikumuelewa. Nilimuelewa dakika chache baadaye. Msumeno uliingia vizuri, harufu ya mchungwa ikatanda karakana nzima, mbao ya njano imetoka laini mpaka nikaanza kutabasamu peke yangu, kipande cha pili kikatoka, cha tatu kikafika katikati halafu KRRRAAAA, cheche, fundi karuka kwa nyuma, kijana wake kalala chini, mimi niko nje barabarani na sijui nimefikaje. Mashine ilipozimwa wakachungulia. Msumari. Inchi 4, mnene, umezama katikati ya mti, mti umeshamea ukaumeza miaka na miaka huko hakuna dalili nje. Ndo maana wapasuaji hawapendi miti ya viwanjani: mti wa porini hakuna mtu wa kuupigia msumari, mti wa nyumbani umetundikiwa kila kitu, kamba za nguo, bembea, mbuzi wa kuchuna.

Nikampigia mama mdogo palepale. "Shikamoo mama, samahani, kwenye ule mchungwa kuna mtu aliwahi kupiga msumari?"

"Marahaba mwanangu. Aaah, huo si wa marehemu babu yenu, alikuwa anatundika redio yake kusikiliza mpira. Mmeuona? Alikuwa anautafuta sana."

Nililipa blade. Bei yake siitaji hapa kwa sababu mke wangu anajua kusoma. Ila niseme tu kwamba mpaka hapo kila kibao changu cha milimita 2 kilikuwa kimeshazidi bei ya kile cha Ulaya, na vibao vyenyewe bado havijakatwa, nilikuwa na mapande matatu manene tu, fundi alikataa kuendelea, akanirudishia na msumari wangu kwenye karatasi.

Mapande yenyewe mabichi. Sasa kwenye kukausha mbao kuna kanuni ya wazee, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kivulini, upepo unapita. Mapande yangu yalikuwa na inchi 3. Iddi ilikuwa miezi michache mbele. Nikasoma soma nikaona kwamba maji yanatoka kwenye vichwa vya gogo kwa haraka kuliko ubavuni, vichwa vinasinyaa kabla ya katikati, mti unapasuka, dawa yake upake rangi au nta kwenye vichwa. Rangi sina. Nikakusanya mishumaa yote ya ndani nikaiyeyusha kwenye kikopo nikapaka, kazi safi kabisa, nikayapanga mapande chini ya kitanda chetu maana huko ndo kuna kivuli, na feni nikaielekeza chini kwa chini. Mke wangu akaanza kulala na joto ili gogo lipate upepo. Kuna ndoa zimevunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nilichosahau ni kiini, ule moyo wa mti katikati. Mti ukisinyaa unasinyaa zaidi kuzunguka kuliko kutoka katikati kwenda nje, karibu mara mbili, kwa hiyo ukiuacha na kiini chake ndani lazima upasuke hata uupake nta ya nyuki wa dunia nzima, hauna pa kwenda. Unatakiwa upasue kupitia katikati ukitoe. Pande langu la kati, lile zuri, kiini kipo ndani kimekaa.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Kiza totoro. Mke wangu ananitikisa washa mshumaa, namwambia mishumaa iko chini ya kitanda, anasema itoe, namwambia haiwezi kutoka. Tunabishana hapo, mara chini yetu PAA! Jamani. Sijawahi kusikia mti ukipasuka usiku na mimi niko juu yake. Mke wangu alipiga ukelele ule ambao ukipigwa mtaani kwetu watu hawaulizi, wanatoka. Jirani wa kulia mlango kauvunja, ana panga na tochi ya simu.

"Wako wapi?"

Mke wangu bado anahema, kaonyesha tu kidole. "Chini ya kitanda!"

"Wangapi?"

"Watatu!"

Jirani kapiga kishujaa kweli, panga lilizama kwenye mchungwa likagoma kutoka, tukalichomoa asubuhi kwa nyundo. Mlango nao nikaulipa mimi, kwa sababu alikuja kunisaidia.

Nikabaki na mapande mawili mazima na moja lenye ufa na jeraha. Kwenda kwa fundi mwingine sikutaka tena, na hapo ndo rafiki yangu mmoja wa kuchomelea akaja na wazo kwamba mashine tuitengeneze wenyewe: mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, blade ndogo nyembamba inayokula milimita moja tu, na meza ya kusomea ya mwanangu tukaitoboa katikati. Hesabu mpya ikawa tamu, 2 napata 1 napoteza, ubao wa inchi moja unatoa vibao vinane badala ya vitano. Mwanangu akahamia kusomea jikoni.

Na ilifanya kazi! Nisiwadanganye, ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba niliita watu waje waone. Mashine tuliiweka uani, imeelekea dirisha la jikoni. Vibao vinatoka vimenyooka, navipima kwa vernia, kile kipimo cha milimita, 2, 2, 2 na nukta 1, 2. Nikawa najiona.

Siku ya kisa chenyewe nilikuwa uani na miwani ya kuchomelea, masikio nimeziba pamba, sisikii kitu. Sikujua kwamba baba mkwe ameletwa mjini kupima macho na akaamua apitie kwetu ale. Mke wangu anasema alikuja uani kunipungia mkono mara kadhaa nikampungia na mimi. Mzee akakaribishwa jikoni mezani, karibu na mjukuu wake anayesoma, kwa sababu sebuleni kulikuwa na vumbi la mchungwa. Akapakuliwa wali wa nazi na bakuli la mchuzi wa pweza.

Sasa ukiwa unakata kibao chembamba kuna pande mbili. Ukikiacha kile chembamba upande wa ukuta wa kuelekezea, ule ubao uliosimama mezani unaoongoza mti, kinabanwa kati ya ukuta na blade, na meno ya nyuma ya blade yanapanda juu, yanakishika, yanakirusha kilikotoka, kule ulikosimama wewe. Wanaojua wanaelekeza kile kipande kikubwa kwenye ukuta, chembamba kinadondoka upande wa pili kwa amani, na wanasukuma kwa kijiti sio kwa vidole, na hawasimami kwenye mstari wa blade. Mimi kwa kujua hilo la mwisho nilikuwa nimesimama pembeni. Kwenye mstari wa blade kulikuwa wazi kabisa mpaka dirishani.

Kilinipita sikukiona. Nilisikia tu fyuuu hata kwenye pamba. Nikatazama mezani hakuna kibao, nikatazama chini hakuna, nikatazama dirishani, pazia linacheza.

Nilipoingia jikoni mke wangu kasimama ameshika mdomo. Mwanangu yuko chini ya meza. Baba mkwe amekaa vilevile alivyokuwa, kanzu nyeupe ina mchuzi wa pweza kuanzia kifuani mpaka kwenye kofia, na kwenye bakuli kimesimama kibao cha mchungwa cha sentimita 40 kinatetemeka.

"Shikamoo baba," nikasema. Na ile miwani ya kuchomelea bado iko usoni.

Hakujibu. Akakichomoa kibao taratibu, akakifuta kwa kidole, akakinusa. Akakisogeza mbali na jicho, akakisogeza karibu.

"Mchungwa," akasema. Kimya. "Mbichi." Kimya tena. "Nani amekuruhusu kupasua mchungwa mbichi?"

Huyo ni mtu aliyekuja mjini kwa sababu haoni vizuri.

Sapraizi ikafia hapo, ikabidi tumweleze. Nilidhani atafurahi, atatokwa na machozi, atasema mwanangu umenikumbuka. Mzee akaniuliza maswali mawili tu, urefu wake ngapi na mataruma utayatoa wapi. Nikampeleka kumuonyesha. Mataruma nilikuwa nayachemsha. Vipande vyembamba vya mchungwa, kwenye lile sufuria kubwa la mke wangu la shughuli, nimefunika na mfuniko wake, ili vilainike nivikunje. Mke wangu ndo alikuwa anaiona kazi ya sufuria lake kwa mara ya kwanza, hilo tuliache.

"Unampikia nani?"

"Nalainisha mataruma, baba."

Akakaa kwenye kigoda. Alivyocheka yule mzee, kofia ilianguka. Akasema toka azaliwe hajaona taruma linachemshwa mvuke. Fundi wa jahazi anaingia msituni na kigezo chake anatafuta tawi ambalo Mungu kashalipinda, analikata lilivyo, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata kona na taruma halivunjiki. Ukikunja mti ulionyooka una kinyongo, utarudi. Na kweli nilipofungua sufuria nikakunja la kwanza likakunjika vizuri, nikaliweka, tukaenda kunywa kahawa, tukarudi limenyooka.

Basi macho yakapimwa, mzee hakurudi Pangani. Akasema kazi hii haiwezi kuachwa mikononi mwa mtu wa nchi kavu. Akamwita na mama mkwe aje. Kila asubuhi anatoka na fimbo yake anazunguka mtaani kuangalia matawi ya watu. Anasimama chini ya mpera wa mtu nusu saa anautazama, anaupima kwa shubiri, anatingisha kichwa, anahamia kwenye mlimau wa jirani. Mjumbe alikuja kuniuliza kwa heshima kama mzee ni mganga na kama ana mpango wa kukaa muda mrefu. Matawi lakini alipata, vijitawi vya mpera vilivyojipinda vyenyewe, na sikuwa na la kusema, vilikaa kwenye mkuku kama vimezaliwa hapo.

Upande wa mbao ndo tuligombana. Mimi vibao vyangu vilikuwa vizuri siku vilipokatwa. Tatizo vilikatwa kutoka kwenye pande ambalo nje limekauka na ndani bado, kwa hiyo ukikikata tu kibao kinaanza kutafuta umbo lake. Nililala na mkeka wa vibao vilivyonyooka nikaamka na kitu kama maganda ya muhogo wa kukaanga. Nikavibana kwenye matofali, nikavilowesha, nikavigundisha kwa nguvu hivyo hivyo. Nikapiga msasa. Nikapaka mafuta. Kwa mbali, mwanga ukiwa hafifu, lilikuwa jahazi.

Mzee akalizunguka. Akapitisha ukucha kwenye maungio.

"Linavuja."

"Baba, hili la kuweka sebuleni."

"Nimesema linavuja."

"Halitaguswa na maji hata siku moja, baba."

"Kwa hiyo umeniundia chombo ambacho hata wewe huna imani nacho."

Akaagiza beseni. Mama mkwe akajaza maji, majirani wakasogea, mjumbe naye yupo. Jahazi likashushwa. Likakaa vizuri juu ya maji kwa muda wa kutosha watu kuanza kupiga makofi, halafu likalala ubavu wa kushoto, likakata shauri, likaenda chini na tanga lake. Mzee akaangalia saa. Akanambia kuna wakati zamani alizama jirani na Pemba lakini angalau alipata muda wa kuswali.

Toka hapo kazi si yangu tena. Anataka pamba, anataka shahamu, analikalafati, yaani anaziba maungio ya jahazi la sentimita 60 kwa kisu cha kumenyea vitunguu, ubao kwa ubao, na huku ananisimulia mitepe, vyombo vya zamani vilivyokuwa vikishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na vikavuka bahari, wewe una gundi ya dukani na unashindwa na beseni. Robo ya vibao vyangu alivitoa akavitupa. Badala yake akamtuma mwanangu kwa wale mafundi fanicha wa mwanzo, wale wa "umekula?", akamwambia waambie babu anataka mabaki ya mtiki, yale makavu ya siku nyingi wanayochomea chai, na fundi mwenye msumeno wa mkanda ayapasue membamba kadiri mashine inavyoweza, tutamalizia kwa msasa. Yalikuja siku hiyohiyo. Kwenye kimfuko. Bure. Nilivipima kwa vernia usiku watu wamelala, milimita 2 na nukta 3, vimekauka, havipindi. Sikusema kitu.

Mtu akiniuliza leo apasue mwenyewe au asipasue namuuliza kama ana mabaki makavu karibu, akiwa nayo asihangaike na gogo, na kama lazima iwe gogo basi alipasue katikati ya kiini siku hiyohiyo, apake vichwa, aliache mpaka alisahau. Na apite na sumaku kwanza, japo sumaku isingenisaidia mimi, ule msumari ulikuwa ndani mno. Mota ya mashine ya kufulia bado ninayo. Siiuzi. Nina mlimau nauangalia mahali.

Jahazi halijaenda sebuleni mpaka leo, liko Pangani barazani, linashushwa mtoni kila bamvu, maji makubwa yakija, kujaribiwa, na kila likizama napigiwa simu mimi. Mapande yangu ya mchungwa yaliyobaki niliyatafuta wiki iliyopita nikaona lile moja zuri kuliko yote, lililokauka sawasawa, lisilo na ufa, halipo pale nilipoliacha. Nikamuuliza mke wangu. Akamuuliza mama yake kwa simu, akaweka spika.

"Aaa, kile kigogo cha njano?" mama mkwe akasema. "Nilimpa fundi akanichongea mwiko. Mwanangu, mti ule! Ugali haunatii hata kidogo. Mwambie mkwe akipata mwingine aniletee, nataka na mchi."